JINA LA KUPEWA, SIFA YA KUCHUMA: Maisha ya Matthew Wellington wa Freretown

Ndugu wasomaji, ikiwa umewahi kupanda matatu kutoka mjini, ukavuka daraja la Nyali kuelekea Kisauni, bila shaka umemsikia makanga akiita Kengeleni. Wengi wetu hushuka pale kila siku ya Mungu, tukanunua viazi karai, tukaenda zetu. Ni wachache wanaoinua kichwa kuitazama kengele yenyewe iliyopapa mahali hapo jina. Kengele ile ni ya Freretown, kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na ililiwa kuwaonya wanakijiji wakati maadui walipokuja kutaka kuwateka tena.

Nimeamua kuandika habari hizi kwa sababu ya jambo lililotokea katika chama chetu cha Kiswahili. Tulikuwa katika mjadala, na mambo yalikuwa yamepamba moto. Mwenzetu mmoja alipoona ameshindwa hoja, alimgeukia mpinzani wake, ambaye jina lake la ukoo ni la Kiingereza na kwao ni Freretown, akamrushia methali: mwacha asili ni mtumwa. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Sitaki kuwa mnafiki, mimi pia nilicheka. Lakini yule mwenzetu hakujibu kitu. Alikusanya vitabu vyake akatoka. Baadaye aliniuliza swali moja tu, kwamba je, mtu aliyenyang'anywa kitu huambiwa amekiacha?

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Basi nikaanza kuuliza walimu na kupekua vitabu, na katika kupekua huko nikakutana na mzee mmoja wa zamani ambaye jina lake lilikuwa Matthew Wellington. Hebu nifuateni polepole niwasimulie maisha yake, kisha nyinyi wenyewe mtakuwa mahakimu.

JINA LENYEWE

Kwanza tulitazame jina hili Wellington. Ukilitaja darasani, aliyesoma jiografia atakwambia huo ni mji mkuu wa New Zealand. Aliyesoma historia ya Ulaya atakwambia ni yule jemadari Mwingereza aliyemshinda Napoleon kule Waterloo tarehe 18 Juni 1815, kwa msaada wa majeshi ya Prussia. Na Waingereza wenyewe wanapovaa vile viatu virefu vya mpira ambavyo sisi twaviita gambuti, wao huviita kwa jina la jemadari huyohuyo.

Lakini jambo la ajabu ni kwamba huyo jemadari hakuzaliwa na jina hilo. Jina lake lilikuwa Arthur Wellesley. Alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka wa 1769. Alipigana vita vingi huko India, kikiwemo kile cha Assaye mwaka wa 1803, kisha akapigana Ureno na Hispania. Serikali yake ilipotaka kumtunuku cheo, ndipo akapewa jina la Wellington, ambalo ni la mji mdogo wa Uingereza. Baadaye alikuwa waziri mkuu, na alipofariki mwaka wa 1852 alizikwa kwa fahari kuu katika kanisa la Mtakatifu Paulo, London.

Kwa hiyo Wellington wa Waterloo alipewa jina ukubwani, na Wellington wa Freretown pia alipewa. Tofauti ni kwamba mmoja alipewa kwa kuongezewa juu ya jina alilokuwa nalo, na mwingine alipewa baada ya kupokonywa kila kitu.

UTOTO WAKE

Matthew Wellington alizaliwa katikati ya karne ya 19 miongoni mwa Wayao, kabila linalokaa upande wa Ziwa Nyasa na Mto Ruvuma, katika nchi ambazo leo ni Malawi, Msumbiji na Tanzania. Jina alilopewa na wazazi wake ni Chengwimbe. Tafadhali likumbuke jina hilo.

Nyakati hizo biashara ya watumwa ilikuwa imeenea mno katika sehemu zile. Misafara ilitoka pwani na bunduki na nguo, ikarudi na pembe za ndovu na watu. Bandari kubwa ya biashara hiyo upande wa kusini ilikuwa Kilwa, na kutoka Kilwa watumwa walipakiwa majahazini wakapelekwa Unguja, Pemba, Arabuni na kwingineko. Katika mashamba ya Unguja na Pemba walilimishwa mikarafuu. Na tusijidanganye, hata hapa Mombasa na Malindi yalikuwapo mashamba yaliyolimwa na watumwa. Aibu hiyo si ya watu wa mbali peke yao.

Chengwimbe alinaswa katika mtego huo angali mtoto. Alitenganishwa na wazazi wake, akapelekwa pwani, akatiwa jahazini. Bahati yake ni kwamba wakati huo manowari za Waingereza zilikuwa zikizunguka katika bahari hii kuyakamata majahazi yenye watumwa. Jahazi lake lilikamatwa. Watoto waliookolewa kwa njia hiyo hawakurudishwa kwao, kwa maana kwao kulikuwa mbali na njia ilijaa watekaji walewale. Wengi walichukuliwa hadi India, ng'ambo ya bahari.

NASIK

Karibu na mji wa Nasik, si mbali sana na Bombay, ambayo leo yaitwa Mumbai, wamisheni wa CMS walikuwa na kituo mahali paitwapo Sharanpur. Huko walikusanywa watoto wa Kiafrika waliookolewa baharini. Walifundishwa kusoma na kuandika, na pia kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Walijifunza Kiingereza na lugha za Kihindi. Waliobatizwa walipewa majina mapya, na majina hayo yalikuwa ya Kiingereza.

Hapo ndipo Chengwimbe alipogeuka kuwa Matthew Wellington. Wenzake nao walipewa yao: Jacob Wainwright, John Wainwright, Richard Rutton, Benjamin Rutton, Carus Farrar. Ukiyasoma majina haya katika orodha utadhani ni Wazungu watupu waliotoka meli moja, kumbe ni vijana wa Kiafrika waliotoka majahazi ya watumwa.

Sasa niulize, ndugu msomaji. Hapo ni nani aliyeacha asili? Mtoto akiokotwa njiani akapewa shati, huwezi kumlaumu kwamba shati si la mamake.

SAFARI YA BARA

Mwaka wa 1872 habari za Dakta David Livingstone zilikuwa zimeenea dunia nzima. Mzee huyo wa Scotland alikuwa barani akitafuta chanzo cha Mto Nile, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua kama yu hai au amekufa. Mwandishi wa gazeti, Henry Morton Stanley, alimkuta Ujiji mwishoni mwa mwaka wa 1871. Waliagana karibu na Tabora mwezi wa Machi 1872, Stanley akashuka pwani, naye Livingstone akabaki kungojea watu na vifaa ambavyo Stanley aliahidi kumletea.

Wakati huohuo Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilikuwa kimetuma msafara wa kumtafuta Livingstone, na vijana sita wa Nasik walikuwa wameletwa kutoka India kuja kuusaidia. Stanley alipofika pwani na habari kwamba mzee keshapatikana, msafara ule ulivunjika. Lakini wale vijana sita hawakurudi India. Waliunganishwa na watu wengine, jumla yao wakawa 57, wakaambiwa waende bara kumfuata Livingstone. Wellington alikuwa mmoja wao.

Walifika Tabora mwezi wa Agosti 1872, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa wameshaondoka na mzee kuelekea kusini. Waliokuwa wakubwa wa msafara ni Susi na Chuma, watu waliokuwa na Livingstone tangu miaka ya nyuma. Walikuwapo pia wanawake, kama Halima aliyekuwa mpishi, na Ntaoeka. Msishangae, jameni. Safari zile kubwa tunazosoma kama kwamba zilifanywa na Mzungu mmoja na kofia yake, zilikuwa ni vijiji vizima vinavyotembea, na ndani yake mlikuwa na wapishi, wapagazi, wakalimani na watoto.

Njia ilikuwa ngumu kupita kiasi. Walipofika upande wa Ziwa Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mvua zilikuwa zimefurika. Nchi yote iligeuka kinamasi, watu wakitembea na maji hadi kiunoni, na penginepo shingoni. Livingstone alikuwa akiumwa tumbo la kuhara damu na nguvu zilimwisha. Mwanzo alipanda punda, kisha akachukuliwa mabegani, mwishowe akalazwa kitandani na kubebwa kama maiti angali hai. Walipofika kijiji cha Chitambo walimjengea kibanda. Hapo ndipo walipomkuta amekufa alfajiri moja, mwanzo wa mwezi wa Mei 1873, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

UAMUZI WA WATU WASIO NA MKUBWA

Hapa, ndugu wasomaji, ndipo ninapoomba msikilize kwa makini.

Mkubwa wao amekufa. Hakuna Mzungu mwingine karibu. Mshahara wao uko pwani, zaidi ya kilomita 1,600. Hakuna aliyewaamuru kitu. Wangeweza kumzika palepale, wakagawana nguo na bunduki, kila mtu akashika njia yake. Nani angewauliza? Na kwa wale vijana wa Nasik waliokuwa Wayao, nchi za kusini hazikuwa mbali na kwao kama ilivyokuwa India.

Lakini walikaa baraza wakashauriana. Wakakata shauri kwamba mwili wa mzee utarudi kwao. Jacob Wainwright aliandika orodha ya vitu vyote vilivyokuwamo masandukuni, ili asije mtu akashukiwa wizi baadaye. Chifu Chitambo, alipojua kwamba mgeni wake amefariki, mwanzo aliwashauri wamzike hapo kwa sababu safari ni ndefu na ya hatari, lakini alipoona wameshikilia aliwasaidia, na watu wake wakamwombolezea mgeni huyo kwa heshima.

Walimpasua, wakatoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright alisoma sala za maziko, kisha akachonga jina la marehemu na tarehe katika gome la mti ule. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kwa muda wa wiki mbili, wakauzungushia nguo, wakautia ndani ya gome la mti, wakashona turubai juu yake. Kisha wakaufunga mtini, watu wawili wakautwika mabegani, safari ikaanza.

Safari hiyo ilichukua miezi tisa. Siku chache tu baada ya kuondoka wengi walishikwa na maradhi hata msafara ukasimama. Njiani palikuwa na mapigano. Katika sehemu nyingi watu waliogopa kupitishiwa maiti katika nchi yao, na kwa desturi zao hawakuwa na kosa.

Walipofika Tabora mwezi wa Oktoba 1873 walimkuta afisa wa Kiingereza, Luteni Cameron, ambaye alikuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliona ni afadhali mwili uzikwe hapohapo. Sasa fikiria. Mzungu, afisa wa jeshi la maji, awapa shauri watu ambao baadhi yao walikuwa watumwa juzi tu. Nao wakakataa! Wakamwambia kwa adabu kwamba mzee huyu atafika kwao, wakaendelea na safari.

Huko mbele walipozuiliwa tena kwa sababu ya maiti, walitumia hekima. Waliufunga mwili upya ukaonekana kama robota la nguo za biashara. Kisha wakafunga mabua ya mtama ndani ya nguo kama kwamba ndiyo maiti, na watu kadhaa wakabeba mzigo huo wa uongo kurudi nyuma, wenyeji wakaona kwamba maiti yarudishwa Tabora kuzikwa. Usiku ulipoingia wabebaji waliyatawanya mabua porini, wakawafuata wenzao mbio. Naam, akili ni mali.

Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Mwili ulilazwa katika kanisa la mapadri wa Kikatoliki, na kesho yake ukavushwa Unguja.

LONDON BILA WELLINGTON

Na malipo yao? Walipofika pwani walipewa mishahara yao, wakaambiwa kazi imekwisha. Basi. Watu waliobeba mwili kwa miezi tisa waliachwa ufukweni, na mwili ukaenda na meli. Ni mmoja tu aliyesafiri nao, Jacob Wainwright, na nauli yake ililipwa na wamisheni. Huko Uingereza daktari aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliokuwa umevunjwa na simba miaka mingi nyuma. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone akazikwa katika kanisa la Westminster, mahali walipozikwa wafalme. Kati ya waliopewa heshima ya kushika jeneza, Jacob alikuwa Mwafrika pekee. Susi na Chuma walialikwa na rafiki mmoja wa Livingstone, lakini walipofika mazishi yalikuwa yameshapita.

Chama cha Jiografia kilitengeneza nishani 60 za fedha kwa ajili ya waliomfikisha Livingstone pwani. Zilipoletwa Unguja mwaka wa 1875, wengi wa waliostahili walikuwa wameshatawanyika, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kwenda bara tena na Stanley kutafuta riziki.

Mwenye jina la Wellington aliyekufa London mwaka wa 1852 alizikwa na msafara wa maelfu ya askari. Mwenye jina la Wellington aliyebeba maiti barani alirudi kutafuta kazi. Lakini mimi nasema kama mizani ni haki, hapana aliyemzidi mwenziwe kwa ushujaa.

FRERETOWN

Mwaka wa 1873 Sir Bartle Frere, aliyekuwa gavana wa Bombay zamani, alikuja Unguja kwa niaba ya serikali ya Uingereza. Mwezi wa Juni mwaka huo Sultani Barghash alilazimishwa kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Sasa pakawa na haja ya mahali pa kuwaweka wanaookolewa baharini. CMS wakamtuma Padre Price, yuleyule aliyekuwa mkubwa wa kituo cha Nasik, aje Mombasa. Alinunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, na mwaka wa 1875 kijiji kikaanzishwa kikaitwa Freretown. Waafrika waliolelewa India waliletwa kuwa walimu, maseremala na viongozi wa wageni hao.

Hapo ndipo Wellington alipoweka maskani. Yule mtoto wa Kiyao aliyepita Arabuni, India na Zambia, akawa mtu wa Kisauni kama wewe na mimi.

Msidhani maisha ya Freretown yalikuwa asali na maziwa. Wenye watumwa wa Mombasa hawakufurahia jirani huyo mpya, kwa sababu watumwa wao walikuwa wakitoroka kukimbilia misheni. Mara kwa mara palikuwa na vitisho vya kukivamia kijiji, na ndiyo maana kengele ikawekwa. Hata ndani ya kijiji kulikuwa na machungu. Msimamizi mmoja, Streeter, alishutumiwa kwa kuwachapa watu viboko na kuwafunga, mpaka uchunguzi ukafanywa mwaka wa 1881. Fikiria mtu aliyekimbia kiboko cha bwana wake, akakutana na kiboko kingine chini ya msalaba!

Wellington aliishi yote hayo. Baadaye alifanya kazi ya serikali hapa Mombasa, katika idara ya ujenzi. Alikuwapo kampuni ya Kiingereza ilipokuja mwaka wa 1888. Alikuwapo reli ilipoanza kujengwa mwaka wa 1896. Mwaka wa 1907, sheria ilipofuta utumwa katika pwani yetu ya Kenya, yeye alikuwa keshakuwa huru kwa miaka mingi. Na daraja la kwanza la Nyali, lile lililoelea juu ya maji, lilipofunguliwa mwaka wa 1931, mzee alikuwa bado yu hai.

Wenzake wa ile safari walikufa mmoja mmoja. Jacob Wainwright, ambaye picha yake ilipigwa kando ya jeneza la Livingstone, alifariki mwaka wa 1892 huko Urambo, bara ya Tanganyika, mbali na fahari ya Westminster. Wellington akabaki peke yake. Mmisheni aitwaye Rampley aliyaandika maisha yake katika kijitabu kidogo, akimtaja kuwa ndiye kiungo pekee kilichobaki kati ya watu wa siku hizo na Livingstone. Mzee Matthew Wellington alifariki hapa Mombasa mwaka wa 1935, miaka 62 baada ya ile alfajiri ya Chitambo.

JINA MOJA, WATU WENGI

Huenda msomaji mmoja atasema kwamba Wellington alikuwa mmoja tu. La, hasha. Freretown na Rabai zimejaa mifano ya jina la Kiingereza kubebwa na Mwafrika aliyelipa uzito wake.

Chukua jina la William Jones. Mwanafunzi yeyote wa hesabu anaijua alama ya pai, ile tunayoitumia kutafuta eneo la duara. Mtu wa kwanza kuitumia alama hiyo kwa maana tunayoijua, mwaka wa 1706, aliitwa William Jones. Mwanawe, naye William Jones, alikuwa hakimu huko Calcutta na akasifika kwa uchunguzi wa lugha. Sasa na sisi tunaye wetu, Padre William Jones, aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa India, akaja Rabai mwaka wa 1864. Mwaka wa 1885 alifuatana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda. Askofu alitangulia akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyewarudisha watu waliobaki hadi Rabai, wakawasili mwezi wa Februari 1886 wakiwa hoi. Na yeye na wenzake ndio waliowahifadhi watoro Rabai, hata mwanzo wa mwaka wa 1889 watumwa zaidi ya 1,400 wakalipiwa fidia na kupewa hati za uhuru kwa siku moja.

Na wapo waliochanganya majina. James Juma Mbotela wa Freretown alichapisha kitabu chake Uhuru wa Watumwa mwaka wa 1934, mwaka mmoja kabla Wellington hajafa. Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiswahili, lugha ya chama chetu. Na ni katika ukoo huohuo wa Mbotela alikotoka Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji aliyefariki mwezi wa Februari 2025, ambaye kwa miaka mingi aliiuliza Kenya nzima redioni kama huu ni uungwana. Mjukuu wa mtumwa ndiye aliyetufundisha sote uungwana. Kweli Mungu si Athumani.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, nimefika mwisho. Sisemi kwamba methali ya wahenga ni uongo. Mwacha asili ni mtumwa, ndiyo. Lakini kuna kuacha na kuna kunyang'anywa. Chengwimbe hakuacha jina lake, alipokonywa pamoja na mama, baba na nchi. Alipopewa jingine alilibeba kama alivyobeba ule mzigo wa Chitambo, hakulitupa njiani wala hakuliaibisha.

Wenzetu wa Freretown wenye majina ya Kiingereza mara nyingi huulizwa kwao ni wapi. Huulizwa shuleni, huulizwa wakitafuta vitambulisho, huulizwa hata wanapogombania kipande cha ardhi walichozikia babu zao. Jibu ni jepesi. Kwao ni Kisauni. Wamekuwapo hapa tangu mwaka wa 1875, na wengi wetu tunaowauliza, wazee wetu walikuja juzi na gari la moshi.

Kwa hivyo natoa mawaidha haya kwanza kwa nafsi yangu, maana nilicheka. Kesho ukishuka Kengeleni, ukishamaliza viazi karai vyako, inua kichwa uitazame ile kengele. Na yule mwenzetu aliyetoka ukumbini siku ile ya mjadala, ikiwa unasoma kurasa hizi, niwie radhi. Kiti chako katika chama bado kipo, na hoja yako siku ile haikuwa imejibiwa.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Wasalaam.